Titi la Mama Lipi? Hoja ya Lugha Mama katika Utetezi wa Kiswahili kwa Mtazamo wa Milima ya Uluguru

Ikisiri

Kwa zaidi ya nusu karne wanaisimu na wahakiki wa Tanzania wamekitetea Kiswahili dhidi ya ukuu wa Kiingereza shuleni, vyuoni na ofisini. Makala haya yanahakiki hoja zinazotumika katika utetezi huo kwa kuzipima mahali ambapo Kiswahili chenyewe ndicho lugha kubwa: Morogoro na Milima ya Uluguru, nyumbani kwa Kiluguru. Inaonyeshwa kwamba utetezi huo huchanganya hoja mbili, yaani hoja ya ufahamu na hoja ya lugha mama, na kwamba hoja ya pili, iliyojengwa juu ya sitiari ya titi la mama, inapopandishwa mlimani humgeukia mtetezi wake. Makala yanapendekeza kwamba Kiswahili kitetewe kwanza kwa hoja ya ufahamu, na kwamba utetezi huo uambatane na wajibu kwa lugha za jamii. Mifano imetolewa katika historia ya sera ya lugha, riwaya ya Aniceti Kitereza na hali ya lugha nchini Indonesia.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa Kiswahili na Kiingereza nchini Tanzania umedumu kiasi kwamba Mulokozi aliwahi kuufananisha na vita vya miaka mia moja. Pande mbili za vita hivyo zinafahamika vyema. Wapo wanaoamini kwamba mlango wa sayansi, biashara na ajira ni Kiingereza, na kwamba taifa likikiacha litabaki nje. Wapo pia wanaoshikilia kwamba taifa haliwezi kufikiri kwa lugha ya kuazima, na kwamba mtoto anayefundishwa kwa lugha asiyoijua hafundishwi bali hukaririshwa. Maandishi ya pande hizi mbili yanajaza rafu za maktaba.

Upande wa tatu hutajwa mara chache. Tanzania ina lugha za jamii zaidi ya 120, na kila hatua ambayo Kiswahili kimepiga imekuwa na maana fulani kwa lugha hizo. Wanaposhughulikia suala hilo, watafiti wengi hulitenga katika mlango wake: kuna maandishi kuhusu Kiswahili na Kiingereza, na kuna maandishi kuhusu Kiswahili na lugha za jamii. Ni nadra hoja za mlango mmoja kuulizwa maswali ya mlango wa pili. Kazi ya makala haya ni kuuliza maswali hayo. Lengo si kukidhoofisha Kiswahili mbele ya Kiingereza. Hoja dhaifu ndizo zinazokidhoofisha, na njia ya kuzitambua ni kuzipeleka mahali ambapo hazijazoea kufika.

Mahali panapofaa ni Morogoro. Mji huo umekaa chini ya Milima ya Uluguru, kilomita zipatazo 190 magharibi mwa Dar es Salaam. Ni mji wa Kiswahili kwa kila hali. Ndiko Salum Abdallah na Cuban Marimba walikopigia muziki wao, na ndiko Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, alikopatia umaarufu akiwa na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano. Nyimbo zao za Kiswahili ziliimbwa nchi nzima na nje ya mipaka yake. Ni mji wa Kiingereza pia, kwa kuwa una Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na Chuo Kikuu Mzumbe hakiko mbali. Na ukiinua macho kutoka mjini, unaona milima ambayo lugha yake ya asili si Kiswahili wala Kiingereza.

2.0 Ngazi Tatu Chini ya Mlima Mmoja

Mwaka 1972 Abdulaziz Mkilifi alieleza hali ya lugha Tanzania kuwa ni ya ngazi tatu: lugha ya jamii nyumbani na kijijini, Kiswahili katika mambo ya taifa, na Kiingereza katika elimu ya juu na uhusiano wa kimataifa. Uchambuzi huo ulikuwa na fadhila kubwa, kwani uliona kwamba Kiswahili kina nafasi mbili kwa wakati mmoja. Kikitazamwa kutoka juu ni lugha iliyo chini. Kikitazamwa kutoka chini ni lugha iliyo juu. Mjadala uliofuata uliikumbuka nafasi ya kwanza na kuisahau ya pili.

Uluguru unaonyesha nafasi zote mbili waziwazi. Mtoto wa kijiji cha Mgeta, kunakolimwa kabichi, karoti na viazi vinavyopelekwa masoko ya Dar es Salaam, anaweza kumsikia bibi yake akizungumza Kiluguru. Akianza darasa la kwanza katika shule ya serikali hukuta Kiswahili, na Kiluguru hakina nafasi katika somo lolote. Akifaulu darasa la saba kwa Kiswahili, huingia kidato cha kwanza na kukuta fizikia, historia na jiografia zimehamia Kiingereza. Mara mbili katika maisha yake ya shule huambiwa, kwa vitendo, kwamba lugha aliyokuja nayo haitoshi.

Ujuzi wa kilimo hupita njia hiyohiyo kwa kurudi nyuma. Chuo cha Sokoine, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1984, hufundisha kwa Kiingereza. Bwana shamba aliyehitimu katika chuo cha namna hiyo hupanda mlimani na kuzungumza na mkulima kwa Kiswahili. Mkulima mzee, anapoutaja udongo, mti au aina ya mvua, hutumia jina alilofundishwa na mama yake. Maneno hayo yakihitajika kufika katika ripoti ya utafiti, hayana budi kupita milango miwili, na katika kila mlango kuna kitu kinachoachwa nje. Mara nyingi kinachoachwa ni tofauti ndogondogo ambazo ndizo zilizokuwa na faida: udongo wa namna mbili huwa udongo mmoja, na miti mitatu huwa “mti wa porini”.

Hali ya Kiluguru haiwezi kupimwa kwa takwimu za serikali, kwa sababu sensa za Tanzania baada ya mwaka 1967 hazikumuuliza mwananchi kabila lake. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliochapisha atlasi yake mwaka 2009, ulilazimika kufanya makadirio yake wenyewe. Kiluguru kina wasemaji wengi, na mtu anayekitazama kwa hesabu tu anaweza kusema hakuna hatari. Lakini Mekacha, katika uchunguzi wake wa mwaka 1993 kuhusu athari za Kiswahili kwa Ekinata, alikwisha kuonyesha kwamba la kutazamwa ni matumizi: nani anazungumza nini, na nani, na wapi. Batibo naye, katika kitabu chake cha 2005 kuhusu kufifia na kufa kwa lugha barani Afrika, alionyesha kwamba katika nchi nyingi za Afrika lugha inayozimeza lugha ndogo si ile ya mkoloni, bali ni lugha kubwa ya Kiafrika iliyo jirani. Mkoani Morogoro mfano uko karibu. Kikami, jirani wa Kiluguru, ni miongoni mwa lugha za mkoa huo zilizodhoofika sana, na wala hakikudhoofishwa na Kiingereza.

3.0 Hoja Mbili katika Utetezi wa Kiswahili

Ukisoma maandishi ya watetezi wa Kiswahili tangu Azimio la Arusha, utakuta hoja mbili zinazotembea pamoja kana kwamba ni moja.

Ya kwanza inaweza kuitwa hoja ya ufahamu. Inasema kwamba mtu hujifunza kwa lugha anayoielewa, na kwamba Watanzania walio wengi wanakielewa Kiswahili kuliko Kiingereza. Hii ni hoja ya ushahidi. Ndiyo iliyoifanya Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ipendekeze mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika sekondari. Ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 iliipa nguvu bila kukusudia: ilionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine, kisha ikashauri Kiingereza kiendelee kuimarishwa. Rubagumya, Qorro, Roy-Campbell na Brock-Utne wameiendeleza hoja hiyo kwa miaka mingi, wakiingia madarasani na kusikiliza kinachosemwa humo. Walichokisikia ni ukimya wa wanafunzi, au mwalimu anayefafanua kwa Kiswahili cha chinichini yale aliyoyaandika ubaoni kwa Kiingereza.

Ya pili ni hoja ya lugha mama. Inasema kwamba Kiswahili ni chetu, ni damu yetu, ni urithi wa mababu, na kwamba mtu anayekiacha na kukumbatia Kiingereza anajikana mwenyewe. Hii ni hoja ya utambulisho. Ina mvuto mkubwa jukwaani na katika ushairi, na imechangia kulinda heshima ya Kiswahili wakati ambapo wasomi wengi walikidharau.

Tatizo si kwamba hoja ya pili ni ya uongo. Tatizo ni kwamba huazima ushahidi wa hoja ya kwanza, na hoja ya kwanza huazima joto la ya pili, hata msomaji asijue tena ameshawishiwa na ipi. Mwandishi huanza kwa kusema mtoto haelewi Kiingereza, akamaliza kwa kusema Kiswahili ni lugha ya mama yake. Katika miji ya pwani na Zanzibar hitimisho hilo ni kweli tupu. Katika Uluguru, kwa kizazi kilichokuwa shuleni wakati Elimu ya Kujitegemea inatangazwa mwaka 1967, mara nyingi halikuwa kweli. Mtoto huyo alikielewa Kiswahili kuliko Kiingereza, lakini lugha ya mama yake ilikuwa nyingine.

Mwalimu Nyerere, ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki, alionekana kulitambua jambo hili kuliko watetezi wengi. Mwaka 1984, serikali ilipokuwa imekwisha kulikataa pendekezo la Tume ya Makweta, alikifananisha Kiingereza na Kiswahili cha dunia. Watetezi wa Kiswahili waliumizwa na kauli hiyo, na kwa sababu nzuri, kwani ilifunga mlango uliokuwa umeanza kufunguka. Hata hivyo mlinganisho wake una ukweli usiopendeza. Unasema kwamba uhusiano wa Kiingereza na Kiswahili una sura moja na uhusiano wa Kiswahili na Kizanaki. Anayeukataa mlinganisho huo ana deni la kueleza tofauti iko wapi. Deni hilo halijalipwa vya kutosha.

4.0 Sitiari ya Titi la Mama na Mipaka Yake

Katika fasihi ya Kiswahili, hoja ya lugha mama ina sitiari yake kuu. Shaaban Robert, katika shairi lake la kukisifu Kiswahili, aliifananisha lugha hiyo na titi la mama. Sitiari hiyo imenukuliwa katika hotuba, vitabu vya shule na makongamano mpaka imekuwa mithali ya wanaharakati wa lugha. Kwa hiyo inastahili kuhakikiwa kama sitiari, badala ya kurudiwa tu kama kaulimbiu.

Kwanza, ikumbukwe ilitoka kinywani mwa nani. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, katika familia yenye asili ya Kiyao, akawa karani katika serikali ya kikoloni ambayo lugha ya wakubwa wake ilikuwa Kiingereza. Kwa mtu wa nafasi hiyo, kusema kwamba Kiswahili ndicho kilichomnyonyesha lilikuwa tendo la ujasiri. Pia lilikuwa tendo la kuchagua. Mtoto hachagui titi. Mshairi alilichagua lake, na katika uchaguzi huo aliwafungulia njia maelfu ya Waafrika ambao wazazi wao walikuwa na lugha nyingine. Ukubwa wa shairi uko hapo. Wanaolinukuu leo huondoa uchaguzi huo na kubakiza maziwa, kana kwamba Kiswahili kimekuwa lugha ya mama wa kila Mtanzania tangu mwanzo wa dunia.

Pili, sitiari inapopelekwa Uluguru hukutana na sitiari nyingine iliyotangulia. Upande wa mashariki wa milima hiyo kuna mahali panapoitwa Matombo. Jina hilo ni la Kiluguru, na maana yake ni matiti. Inaelezwa kwamba lilitokana na umbo la miamba inayoonekana hapo. Waluguru ni watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo ilirithiwa kwa njia hiyo. Kwao mama si picha ya mapenzi tu, ni mlango wa haki: kupitia kwake mtu alijua yeye ni nani na angelima wapi. Mhakiki anayesimama Matombo na kutamka kwamba Kiswahili ni titi la mama analazimika kujibu swali la kawaida kabisa: titi la mama lipi?

Tatu, sitiari hiyo huficha historia. Titi ni jambo la maumbile, lakini Kiswahili hakikuingia Uluguru kwa maumbile. Kiliingia kwa misafara ya biashara, kwa utawala wa Kijerumani uliokitumia katika shule na ofisi zake, kwa misheni, kwa TANU, kwa shule ya msingi, kwa redio na kwa soko. Sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya heri. Waluguru walikitumia Kiswahili kudai haki zao, na katika harakati za uhuru kiliwaunganisha na watu wasiowafahamu. Lakini ni historia, yenye maamuzi na matokeo, na wanaoamua huwajibika. Ukiyaita matokeo ya sera kuwa ni maumbile, unaondoa swali la uwajibikaji. Huu ndio udhaifu mkuu wa hoja ya lugha mama: humfanya mtetezi wa Kiswahili asione kwamba naye ana mamlaka.

Haki inadai kueleza upande wa pili pia. Kwa watoto wengi waliozaliwa Morogoro mjini na wazazi Waluguru, Kiswahili ndicho lugha ya kwanza, na kwa mtoto wa Mluguru aliyeoa Mpogoro au Mkaguru hakuna lugha nyingine ya nyumbani. Kwa watoto hao sitiari ya Shaaban Robert imekuwa kweli halisi. Jambo hilo halipunguzi uzito wa uhakiki huu, bali linauthibitisha. Lugha ya mama inaweza kubadilika katika kizazi kimoja. Ikiwa ilibadilika jana kutoka Kiluguru kwenda Kiswahili, hakuna maumbile yatakayoizuia isibadilike kesho kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza katika nyumba za wenye uwezo wanaowapeleka watoto wao shule za Kiingereza tangu chekechea. Mtetezi aliyeweka imani yake yote katika maziwa hatakuwa na la kuwaambia wazazi hao.

5.0 Kitereza: Daraja na Lango

Kisa cha Aniceti Kitereza kinaonyesha pande zote mbili za mamlaka hayo. Kitereza alizaliwa mwaka 1896 na kuishi kisiwani Ukerewe. Alimaliza riwaya yake kubwa kuhusu Myombekere na Bugonoka mwaka 1945, akiwa ameiandika kwa Kikerewe. Hakupata mchapishaji. Uzeeni aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Mwaka uliofuata alifariki.

Kwa upande mmoja, hiki ni kisa cha Kiswahili kuokoa. Bila Kiswahili huenda mswada ule ungeozea sandukuni, na fasihi ya Tanzania isingekuwa na maelezo yale ya kina kuhusu ndoa, tiba, kilimo na ukarimu wa Wakerewe. Kwa upande wa pili, ni kisa cha lango. Mwandishi alilipa ushuru wa kuandika kitabu kimoja mara mbili, mara ya pili akiwa mzee, kwa sababu tu lugha aliyofikiria kwayo haikuwa na mahali pa kuchapishwa. Wahakiki huisifu riwaya hiyo kwa utajiri wa msamiati. Ni haki kuongeza kwamba sehemu ya utajiri huo ni Kikerewe kilichovuka mpaka kikiwa kimevaa viambishi vya Kiswahili.

Uluguru haukupata Kitereza wake. Kiluguru kimechambuliwa vizuri na wanaisimu. Tasnifu ya Daniel Mkude ya mwaka 1974 katika Chuo Kikuu cha London, kuhusu sintaksia ya lugha hiyo, ni kazi ya mwanzo yenye hadhi. Lakini iliandikwa kwa Kiingereza, kama zilivyoandikwa kazi kuu za kianthropolojia na kihistoria kuhusu Waluguru, ikiwamo ile ya Young na Fosbrooke ya mwaka 1960 kuhusu ardhi na siasa na ile ya Pels ya mwaka 1999 kuhusu wamisionari. Matokeo yake ni ya ajabu. Mtu wa Matombo anayetaka kusoma habari za lugha na historia yake anapaswa kupita juu ya Kiswahili mpaka Kiingereza. Hapa Kiswahili hakikuwa lango wala daraja, hakikuwapo. Mtetezi wa Kiswahili anayelalamika kwamba taaluma imefungiwa katika Kiingereza angeweza kuanza kuifungua kwa kufasiri kazi hizo.

6.0 Fundisho la Indonesia

Nchi inayofanana zaidi na Tanzania katika suala hili iko ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Tarehe 28 Oktoba 1928, vijana wa makoloni ya Uholanzi waliapa kuwa na lugha moja, lugha ya Indonesia, iliyojengwa juu ya Kimalayu. Kimalayu hakikuwa lugha ya kwanza ya watu wengi. Wasemaji wa Kijava walikuwa wengi zaidi. Kilichaguliwa kwa kuwa kilikuwa lugha ya bandari na soko, na kwa kuwa hakikumpa mkubwa yeyote wa ndani faida ya kuzaliwa. Sababu hizo ndizo zilizokipa Kiswahili nafasi yake Tanganyika.

Kinachofaa kutazamwa ni jinsi Indonesia inavyojaribu kuitetea lugha hiyo mbele ya Kiingereza. Katiba yake hutaja lugha ya taifa, na pia huitaka dola iziheshimu na kuzitunza lugha za majimbo kuwa hazina ya utamaduni wa taifa. Taasisi yake ya lugha hutumia kaulimbiu ya sehemu tatu: lugha ya Indonesia itangulizwe, lugha za majimbo zihifadhiwe, lugha za kigeni zimilikiwe. Katika majimbo kadhaa lugha hizo hufundishwa kama somo. Januari 2013 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilibatilisha mpango wa shule za serikali za kiwango cha kimataifa, ambamo baadhi ya masomo yalifundishwa kwa Kiingereza. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba mpango huo unadhoofisha lugha ya taifa, na nyingine kwamba unawatenga watoto wa maskini.

Utekelezaji wa hayo una kasoro. Hata Kijava, chenye makumi ya mamilioni ya wasemaji, kinapungua katika nyumba nyingi za mjini. Lakini sura ya hoja ni tofauti na ile ya Tanzania. Mtetezi wa lugha ya Indonesia anaweza kusimama mbele ya Kiingereza bila kudai kwamba lugha anayoitetea ni lugha ya mama wa kila mtu. Anaitetea kama lugha ya wote, na kwa kuwa ni ya wote, ina wajibu kwa kila moja. Hapa ndipo deni lililoachwa na mlinganisho wa Nyerere linapoweza kulipwa. Tofauti kati ya Kiswahili na Kiingereza nchini Tanzania haiko katika asili yake. Iko katika ufahamu wa watu leo, na katika wajibu ambao Kiswahili kinaweza kuukubali na Kiingereza hakiwezi kudaiwa.

7.0 Maji ya Ruvu

Tanzania imekwisha kuandika sehemu ya wajibu huo. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 iliahidi mpango wa kutumia Kiswahili katika ngazi zote za elimu, na papo hapo ikahimiza lugha za jamii zifanyiwe utafiti, ziandikwe kamusi na sarufi, na zitumike kukikuza Kiswahili. Ahadi ya kwanza hukumbushwa katika kila kongamano. Ya pili husahauliwa, ingawa zilitolewa katika waraka mmoja.

Ahadi hizo mbili hutegemeana. Waundaji wa istilahi wanakubaliana kwamba lahaja za Kiswahili na lugha za Kibantu zichotwe kabla ya kukimbilia lugha za nje. Utaratibu huo umezaa matunda: ikulu ilitoka Kinyamwezi, ngeli ilitoka Kihaya, na kitivo kilitoka katika lugha za Upare na Usambara. Hakuna anayeyasikia leo kuwa maneno ya kabila. Sasa linganisha na hoja maarufu zaidi dhidi ya Kiswahili, kwamba hakina istilahi za kutosha za sayansi. Misitu ya Uluguru, sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inajulikana duniani kwa mimea na viumbe visivyopatikana kwingine. Mingi ya mimea hiyo haina jina la Kiswahili katika kamusi. Kwa Kiluguru ina majina, na majina hayo yanazeeka pamoja na wanaoyajua.

Mto Ruvu unatoa mfano ulio mbele ya macho. Vijito vyake hushuka Uluguru, na maji yake ndiyo sehemu kubwa ya yanywewayo Dar es Salaam. Wataalamu wa maji wanajua kwamba mlima ukinyolewa misitu, mji utaona kiu, na kwa hiyo kuulinda mlima ni kazi ya mji pia. Taasisi za Kiswahili ziko mjini. Zikizichukulia lugha za mlimani kuwa mambo ya mila yanayosubiri kutoweka, zitabaki kuazima istilahi Kiingereza, kisha zitashangaa kwamba Kiingereza hakiondoki.

Kuna hofu ya zamani kwamba kuzipa lugha za jamii nafasi kutafufua ukabila. Hofu hiyo isidharauliwe, kwa kuwa umoja wa Tanzania ni mali adimu katika eneo hili la Afrika. Lakini yapo mambo mengi kati ya kuzifanya lugha hizo lugha za utawala na kuzinyamazisha. Mwalimu wa Kinole anaweza kuruhusu majina ya Kiluguru ya mimea katika somo la sayansi linaloendeshwa kwa Kiswahili. Jarida la kitaaluma linaweza kuchapisha ngano za Kiluguru zenye tafsiri ya Kiswahili kando. Bwana shamba anaweza kufundishwa kuuliza jina kabla ya kulitoa. Uluguru wenyewe una onyo la kihistoria: mpango wa kikoloni wa matumizi ya ardhi, uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta, uliishia katika ghasia za mwaka 1955. Sababu zilikuwa nyingi, na lugha haikuwa kubwa kati ya hizo; lakini ulikuwa mpango ulioshushwa juu ya mlima bila kuanzia katika ujuzi wa waliokuwa wakiulima.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba utetezi wa Kiswahili dhidi ya Kiingereza umeegemea hoja mbili zenye nguvu tofauti. Hoja ya ufahamu inasimama Dar es Salaam na inasimama Mgeta: mtoto wa kidato cha kwanza katika sehemu zote mbili anaelewa fizikia kwa Kiswahili kuliko kwa Kiingereza. Hoja ya lugha mama inasimama pwani, inayumba mlimani, na katika nyumba za matajiri wa mjini imeanza kuanguka. Kuendelea kuitegemea ni kukiweka Kiswahili mahali ambapo Kiingereza kitakikuta bila ulinzi, kwa sababu mzazi akishabadili lugha ya nyumbani, hoja yote imekwisha.

Shaaban Robert hakukosea kusifu titi alilolichagua. Waliokosea ni waliomrithi bila kukumbuka kwamba alichagua. Kiswahili kimekuwa lugha ya Watanzania kwa sababu watu wenye mama mbalimbali walikubali kukutana ndani yake, na makubaliano hayo yanaweza kuendelezwa iwapo kila aliyekuja hakuombwa kumkana mama yake mlangoni. Wanafunzi wa sekondari wa Morogoro wanaendelea kufanya mitihani yao kwa Kiingereza. Wazee wa Matombo wanaendelea kutaja miti kwa majina ambayo wajukuu wao hawayajui. Anayetaka kuwatetea wale wa kwanza ana sababu ya kuwasikiliza wa pili, na muda wa kuwasikiliza ni mfupi kuliko ule wa kusubiri sera.